KAMA UMEKWENDA BABATI KUPUMZIKA, BASI PUMZIKA

Kila Desemba stendi ya Babati inajaa. Mabasi yanashusha watu kutoka Dar, Arusha, Mwanza na Dodoma, wana mabegi makubwa, wana zawadi za wazee, wana watoto waliolala njiani. Karibu wote waliaga kazini kwa maneno yaleyale: "Naenda nyumbani kupumzika kidogo." Wakutane nao palepale stendi siku kumi baadaye wakati wanarudi. Wengi wamechoka kuliko walivyokuja.

Ukweli ni kwamba watu wengi wa mjini hawajui likizo. Wanajua kusafiri, wanajua kula bata, wanajua kupiga picha na kuziposti kabla hata chakula hakijapoa. Kutulia hawajui. Na kwa sababu hakuna mtu anayesema, kila mwaka mambo ni yaleyale, na wanaoumia zaidi ni wale waliokuwa wanawasubiri nyumbani.

RATIBA YA LIKIZO KAMA YA OFISI

Mchukue kaka mmoja, jina kapuni, mzaliwa wa Babati, ana kazi nzuri Dar na mke wa Tanga. Kapata siku kumi. Jumamosi kaingia usiku. Jumapili ibada, kisha kuku kwa shangazi kule Bonga, jioni washkaji wa shule ya msingi wanamsubiri baa. Jumatatu Tarangire na watoto, maana hawajawahi kuona tembo. Jumanne Magugu, kuna shamba anataka kulikagua na mchele wa kubeba. Jumatano harusi Dareda. Alhamisi Katesh, kwa sababu mtu wa ofisini alimwambia mtu hajafika Manyara kama hajauona Mlima Hanang kwa karibu. Ijumaa kalala mpaka saa nne, akaamka na kichwa kinauma, akasema Babati siku hizi kuna joto.

Kila alipokwenda aliposti. Waliomfuata mtandaoni walimwonea wivu, "kaka unaenjoi", "bata la kishua hilo". Siku ya nane mama yake akamuuliza jirani kwa sauti ya chini: "Hivi huyu amekuja kwangu au amekuja Babati?"

Huyu kaka si mtu mbaya. Anampenda mama yake, kila mwezi anatuma hela, bati la nyumba ni lake. Tatizo ni kwamba alipofunga begi Dar alipakia na mwendo wa Dar. Amezoea siku iliyojaa ndiyo siku nzuri, na siku yenye nafasi ni siku iliyopotea. Kwa hiyo likizo nayo akaijaza mpaka pomoni.

Halafu kuna mke wake, ambaye kwenye picha zote anatabasamu. Siku hizo kumi aliamka kabla ya jua. Yeye ni mkwe, na mkwe hawezi kulala wakati mama mkwe kashika ufagio. Chai ya watu kumi na mbili, mchana ugali na mboga, jioni wageni wamekuja kumwamkia mume wake na lazima wale. Vyombo. Maji. Kuni ambazo hajazishika tangu Desemba iliyopita. Mawifi wanamwangalia kama anajituma au anadeka. Mumewe akirudi ofisini atasimulia jinsi walivyopumzika. Yeye atarudi akiwa amehama jiko moja kwenda jiko lingine, na hakuna atakayemuuliza. Yeyote anayezungumzia utulivu wa likizo bila kumtaja huyu mwanamke, anazungumzia utulivu wa wanaume tu.

"MBONA KIMYA?"

Kuna sababu nyingine inayofanya watu waogope kutulia, nayo iko kwenye lugha yenyewe. Angalia ujumbe unaotumwa kwenye simu kila siku: "Mbona kimya?" "Umepotea." "Siku hizi umetutenga." Mtu hajafanya kosa lolote, hajaandika tu kwa siku mbili, tayari ana kesi ya kujibu. Akikaa peke yake nje anaulizwa ana mawazo gani. Asipochangia stori anaambiwa kanuna. Hata wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, kwa maana kwamba mtu aliyenyamaza ana jambo, tena huenda si jema.

Kwenye jamii inayoishi kwa kujuliana hali, hilo lina maana yake. Jirani akikaa kimya siku tatu huenda anaumwa, na ni vizuri mtu agonge mlango. Lakini simu imechukua utaratibu huo mzuri na kuufanya deni la saa ishirini na nne. Zamani aliyesafiri alikuwa amesafiri. Sasa aliyesafiri anatakiwa awe kwenye grupu la familia, grupu la kazi, grupu la vikoba na grupu la kamati ya harusi, na atoe taarifa huko kote kama mtangazaji wa redio.

Ila Kiswahili hichohicho kina maneno ya upande wa pili, na yanasahaulika. Watu wa pwani wana "kupunga upepo", yaani kutoka nje kwa ajili ya upepo tu, bila safari na bila mkutano. Kuna kukaa barazani. Kuna kupiga soga, mazungumzo yasiyo na ajenda. Bara nako wazee wanajua kukaa chini ya mti, wawili watatu, dakika kumi zinapita hakuna aliyesema neno na hakuna aliyekasirika. Vijana wakiona hivyo wanasema wazee wana boa. Wazee wale hawajawahi kuandikiwa dawa ya usingizi.

SHERIA IMETOA SIKU, MTU ANAZICHOMA

Neno "likizo" zamani wengine waliliita "livu", na haikuwa zawadi ya bosi. Azimio la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948, kifungu cha 24, linasema kila mtu ana haki ya kupumzika na ya likizo zenye malipo. Tanzania nayo, kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo zenye malipo. Neno "mfululizo" lina sababu yake. Mwili hauwezi kutua kwa siku moja moja za kuiba.

Lakini tuache kudanganyana, Watanzania wengi hawana mkataba wa ajira wa kuwapa siku hizo. Dereva bodaboda pale stendi, mama lishe, fundi cherehani, muuza mbaazi wa Galapo, wote hao wakikaa siku moja bila kazi hawana wa kuwalipa. Kuwaambia "jifunze kutulia" ni kama kumwambia mwenye njaa apunguze chumvi. Kwa hiyo maneno haya yanawahusu hasa wale wenye mshahara unaoingia hata wakiwa wamelala. Mtu mwenye bahati hiyo, halafu siku zake zote kazimaliza kwa mbio na simu mkononi, amechezea kitu ambacho jirani yake angekinunua kwa bei yoyote.

WATAALAMU WAMEPIMA

Wapo watakaosema haya ni maneno ya wavivu. Basi waangalie namba.

Mwaka 2010 watafiti walichapisha utafiti wa Waholanzi 1,530, ambao kati yao 974 walikwenda likizo. Walitaka kujua nani ana furaha zaidi. Waliokwenda likizo walikuwa na furaha kuliko wenzao kabla ya safari, yaani wakati wa kuisubiri. Baada ya kurudi, hakukuwa na tofauti kati yao na waliobaki nyumbani. Walioendelea kuwa juu baada ya safari ni kundi moja tu, wale waliosema likizo yao ilikuwa tulivu sana. Waliosema ilikuwa ya kawaida au yenye usumbufu walirudi palepale pa zamani.

Mwaka 2006 jarida la kitabibu la Heart lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi wa Italia na wenzake. Walipima mapigo ya moyo, presha na upumuaji wa watu 24 wakisikiliza aina mbalimbali za muziki. Katikati waliweka ukimya wa dakika mbili. Ilionekana kwamba dakika hizo mbili ndizo zilizotuliza mwili kuliko muziki wowote, hata ule wa polepole. Watafiti walikuwa wanapima muziki, ukimya ukawashangaza.

Wa tatu ndio wa kuchekesha na kutisha. Mwaka 2014 timu ya Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, iliwaweka watu peke yao chumbani kwa dakika 15, bila simu, bila kitabu, wakae tu na mawazo yao. Kulikuwa na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme, shoti ambayo wote walishaionja na kusema wangelipa hela wasiipate tena. Wanaume 12 kati ya 18 waliibonyeza. Wanawake walikuwa 6 kati ya 24. Mtu mzima aliona bora apigwe shoti kuliko kukaa na nafsi yake robo saa.

Kwa hiyo mtu asijione wa ajabu akishindwa kutulia siku ya kwanza ya likizo. Ni kazi ngumu kweli. Mkono utatafuta simu wenyewe. Ataona kama kuna kitu anakikosa. Hiyo hali hupita kama mtu atakubali kuivumilia, na ndiyo maana likizo ya kukimbia kila siku haimsaidii, maana kila inapokaribia kupita anaondoka kwenda sehemu nyingine.

BABATI YENYEWE SI KIMYA

Kuna wanaodhani mji mdogo ni dawa tosha. Waulize wanaokaa pale. Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa ulipoanzishwa mwaka 2002 kwa kuugawa Arusha, na iko njia panda. Malori ya Arusha, Dodoma na Singida yanapita usiku na mchana. Bodaboda hazilali. Baa zina sabufa zinazotikisa vikombe nyumba ya tatu, mambo ambayo NEMC imewahi kufungia watu baa zao katika miji mingine. Simba au Yanga wakija kucheza na Fountain Gate uwanja wa Tanzanite Kwaraa, mji mzima unakuwa honi na vuvuzela, na ni raha yake.

Njia nayo imekuwa fupi. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilometa 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Treni ya SGR ikaanza kufika Dodoma mwaka 2024. Mtu wa Dar anafika nyumbani mapema kuliko baba yake alivyofika. Lakini muda aliouokoa njiani anautumia kukaa sebuleni akiangalia video za watu asiowajua, huku bando likiisha na kuongezwa.

Kwa hiyo utulivu hauletwi na basi. Mtu anauchagua, na Babati inampa pa kuuchagulia.

Ziwa Babati liko pembeni kabisa mwa mji. Alfajiri, kabla pikipiki hazijachangamka, wavuvi wa perege na kambale wako kwenye mitumbwi na maji yametulia. Viboko wamesharudi majini kutoka kula majani usiku, yanaonekana masikio na macho tu, mara moja moja mmoja anakoroma. Kiboko si mnyama wa kuchezea, wenyeji wanajua, kwa hiyo aendaye aende na mwenyeji na akae mbali. Lakini kiboko ana somo moja. Hawezi kuharakishwa. Anayetaka kumwona anainuka lazima asubiri, na anayesubiri akiwa ameinamia simu atamkosa.

Upande wa pili kuna Mlima Kwaraa na msitu wake kileleni. Si lazima kuupanda. Unaonekana kutoka karibu kila ua wa mji, na mtu anaweza kukaa na kikombe cha chai akaangalia wingu linavyoushika na kuuachia. Hakuna kiingilio.

Halafu kuna shamba. Desemba ambayo watu wa mjini wanaiita sikukuu, kwa wakulima wa Babati ni msimu. Mvua zimeanza, watu wanapanda mahindi na mbaazi kwenye shamba moja. Mgeni anakuja na sherehe wakati mwenyeji ana jembe. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wengi huichukulia kama kejeli. Ukweli ni kwamba asubuhi mbili za kufuata mstari wa kupanda nyuma ya baba, bila haraka, mbegu tatu shimo, kufukia, hatua moja mbele, zinatuliza kichwa kuliko hoteli. Baba mwenyewe ataongea. Wanaume wengi wa umri ule hawaongei wakiwa wamekaliwa mbele kwenye kochi. Wanaongea mkono ukiwa kazini na macho yakiwa chini.

WANAOBISHA WANA HOJA

Watasema ndugu watalalamika hawajatembelewa. Ni kweli, watalalamika. Dawa ipo: wakaribishwe wote siku moja nyumbani kwa mama, kila mtu aje na chochote, wanaume washike masufuria na kuosha vyombo, na kesi ikaishia hapo. Nyumba saba kwa siku saba, dakika arobaini kila nyumba na jicho kwenye saa, hakuna anayefaidi.

Watasema watoto watachoka kukaa. Watachoka siku mbili. Ya tatu watakuwa wanachunga mbuzi na watoto wa jirani na hawataulizia tableti mpaka usiku.

Watasema kazi haina likizo, bosi akipiga lazima kupokea. Kwa wengine ni kweli. Basi iwe saa moja kwa siku, kwa mfano saa mbili hadi saa tatu asubuhi, bosi ajue hivyo mapema. Mtu anayepokea simu za kazi saa yoyote ya likizo amechukua likizo ya nauli tu.

Na kuhusu mke, jibu ni fupi. Mume ndiye mwenyeji, mume ndiye wa kusema. Akimwambia mama yake kwa heshima, "Mama, kesho mkweo atalala, chai nachemsha mimi," mama anaweza kushangaa, dada zake wanaweza kucheka, lakini dunia haitaanguka. Asiposema yeye, mke hawezi kusema.

HESABU YA MWISHO

Kuna hesabu ambayo watu hawapendi kuipiga. Chukua mzazi wa miaka sabini anayemwona mwanawe siku kumi kwa mwaka. Mungu akimjalia miaka kumi mingine, si miaka kumi waliyobakiwa nayo pamoja. Ni siku mia moja. Toa siku za harusi za watu, toa za Tarangire na Katesh, toa jioni za baa, toa saa ambazo mwana yupo sebuleni lakini yuko kwenye grupu. Zinabaki ngapi?

Siku mzee akiondoka, watu watapiga simu na Babati itajaa tena. Safari hiyo kila mtu atapata ruhusa, kila mtu atapata nauli, na kila mtu atakaa kimya pale uani bila kuulizwa mbona kimya. Huo ndio utulivu unaokuja kwa kuchelewa, na umewakuta wengi.

Wa sasa hivi bado upo na ni wa bure. Unataka siku tatu tu kati ya kumi zisizo na ratiba, simu iachwe chumbani kuanzia jua linapozama, na kiti kimoja kisogezwe karibu na cha mama. Asiposema kitu, usimjazie. Akisema, msikilize mpaka amalize.